Marubani Wadogo wa Kijidudu cha Malale

Malale yalipozuka katika fukwe za Ziwa Viktoria za upande wa Uganda, na tabibu Albert Cook wa hospitali ya Mengo akayaandika katika daftari zake mwaka 1901, hapakuwa na mtu aliyejua yanatoka wapi wala yanachukuliwa na nani. Watu walisinzia mchana kama waliokesha, wakakonda, wakapotewa na akili, kisha wakafa. Na kabla miaka ishirini ya kwanza ya karne ile haijatimia, roho zipatazo laki mbili na zaidi zilikuwa zimetoweka katika Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa, hata serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu waliosalia wakae mbali na maji waliyozaliwa kando yake. Waganda waliuita ugonjwa ule mongota. Mwaka 1903, David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza, ambaye miaka minane nyuma alikuwa ameona kijidudu katika damu ya ng'ombe wa Zululand waliougua nagana, alithibitisha huko Entebbe kuwa kijidudu cha jamaa ile ile, ambacho Aldo Castellani alikwisha kukiona katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, huenezwa na mbung'o. Wawili hao waligombania sifa ya kutangulia, na ugomvi wao ulidumu kuliko wagonjwa wao. Hauna faida kwetu hapa. Kilicho na faida ni jina la kijidudu chenyewe, ambacho tangu mwaka 1899 huitwa *Trypanosoma brucei*, kwa heshima ya Bruce, kwa kuwa ni katika kijidudu hiki, adui wa ng'ombe wetu na wa watu wetu, ndimo lilimoonekana jambo ambalo maulamaa wa elimu ya uhai hawakulitazamia hata kidogo.

Atazamaye tripanosoma katika hadubini huona kitu kama jani jembamba la mwembe lililopindwa na upepo, lenye utando unaopepea ubavuni na mkia wa kuogelea, na baada ya kutiwa rangi huona ndani yake nukta mbili. Moja kubwa, katikati, ndiyo kiini ambacho karibu kila seli ya mnyama na mmea inacho. Ya pili ni ndogo mno, nyeusi kama punje ya mtama, nayo imekaa kwenye shina la mkia. Wa kale walidhani kwamba punje hiyo ndiyo injini ya mkia, wakaipa jina la kinetoplasti lenye maana ya mwendo. Dhana hiyo haikuwa kweli, lakini jina limebaki, kama yanavyobaki majina mengi ya uongo duniani. Mwaka 1924 Bresslau na Scremin waliitia punje ile rangi mpya ya wakati huo, iliyokuwa ikishika DNA peke yake, na punje ikaishika rangi barabara. Basi palikuwa na DNA nje ya kiini, miongo mingi kabla ya watu kuzoea kusema kwamba jambo hilo lawezekana.

Ilipokuja hadubini ya elektroni, siri ya punje ilianza kufunuka, nayo ikafunuka kwa namna iliyozidisha mshangao badala ya kuupunguza. Guy Riou na Etienne Delain, wakifanya kazi Ufaransa mwaka 1969, na baada yao Larry Simpson wa California na wengineo, walikuta kwamba DNA ya kinetoplasti haikuwa uzi mmoja, bali ni pete, tena pete kwa maelfu, kila moja imepitishwa ndani ya jirani zake kama pete za deraya waliyovaa askari wa zamani, hata haiwezekani kuitoa moja bila kukata nyingine. Pete zilikuwa za namna mbili. Kubwa zilikuwa makumi machache, na nuskha moja ya pete kubwa ilipokuja kusomwa ilionekana imebeba jeni za mitokondria, yaani jiko la seli ambamo chakula hugeuzwa kuwa nguvu. Ndogo zilikuwa maelfu, kila moja ina herufi zipatazo elfu moja tu katika tripanosoma, nazo hazikusema lolote lililoeleweka. Hazikuwa na jeni ya protini yoyote. Wengine walisema zipo ili kuushikilia wavu usikatike, kama vile mtu aonapo maelfu ya barua asizoweza kuzisoma akahukumu kwamba karatasi zile zimewekwa kwa ajili ya uzito wake.

Hapa yanipasa kusimama kidogo na kueleza jambo ambalo bila ya hilo msomaji hataona ajabu iko wapi. Katika kila kiumbe, maagizo ya kutengeneza protini yameandikwa katika DNA kwa herufi nne. Maagizo hayo hunakiliwa katika waraka mwepesi uitwao RNA, ambao nao una herufi nne, A, G, C na U. Na waraka huo hupelekwa kwa fundi wa seli, naye huusoma herufi tatu tatu, na kila tatu humwamuru aongeze kipande kimoja cha protini. Fundi huyu hana akili ya kukisia. Akikosa herufi moja, hasimami akauliza. Huendelea kuhesabu tatu tatu kutoka pale alipo, na yote yafuatayo huwa upuuzi. Tuseme kwa mfano kwamba kusoma kwetu ni kwa silabi mbili mbili, na waraka unasema "kuku yule wetu": akiangusha "ku" moja ya mwanzo, msomaji wa namna hiyo atasoma "kuyu lewe tu", na hapo hakuna kuku, wala wetu, wala maana. Kwa sababu hiyo ilikuwa ni itikadi thabiti, na dalili zake zilikuwa nyingi, kwamba waraka wa RNA ni nakala amini ya daftari la asili. Huenda ukakatwa vipande na kuungwa tena, lakini herufi zake hazizuliwi kutoka hewani.

Sasa, pete kubwa za kinetoplasti zilipoanza kusomwa herufi kwa herufi katika miaka ya 1980, huko Amsterdam na huko Los Angeles, zilionekana kuwa na aibu. Jeni ya protini iitwayo oksidasi ya saitokromu, sehemu yake ya pili, ambayo majiko mengi ya seli hayapiki bila yake, ilikuwa imeharibika katikati: hesabu ya tatu tatu ilivunjika mahali pamoja, na fundi yeyote ambaye angeisoma angeishia katika upuuzi. Mtu mmoja akiona kosa kama hilo hushuku mkono wake mwenyewe, nayo ni adabu njema. Lakini kosa lilikuwepo mahali pale pale katika tripanosoma ya mbung'o, na katika *Crithidia*, kijidudu cha mbu, na katika *Leishmania tarentolae*, kijidudu cha mjusi kafiri. Wanakili watatu, ambao wametengana tangu zama zisizohesabika, hawawezi kukosea mahali pamoja kwa bahati.

Rob Benne na wenzake wa Amsterdam walifanya jambo ambalo likisimuliwa huonekana jepesi, nalo ni kuuacha ubishi wa daftari wakaenda kuusoma waraka wenyewe. Walikuta kwamba pale ambapo DNA ilikuwa na kasoro, RNA ilikuwa na herufi nne za U zisizokuwamo katika daftari, na kwa herufi hizo nne hesabu ilinyooka na maana ikatimia. Wakatafuta katika DNA yote ya kijidudu kama kuna nuskha ya pili ya jeni ile iliyo sahihi, iliyofichwa mahali, wasiione. Mwaka 1986 wakaitangaza habari hiyo, wakasema kwamba waraka umesahihishwa baada ya kunakiliwa. Mimi huona kuwa ushujaa wao haukuwa katika kuziona herufi nne, maana herufi nne aweza kuziona yeyote mwenye chombo. Ushujaa ulikuwa katika kukataa kuziita uchafu wa maabara.

Wako waliosema, na hawakuwa wajinga, kwamba herufi nne si hoja. Jibu lilitoka Seattle. Huko Kenneth Stuart, aliyekuwa ameanzisha mwaka 1976 taasisi ndogo ya utafiti katika mji wa Issaquah ulio karibu, alikuwa akitafuta pamoja na Jean Feagin na wenziwe jeni ya sehemu ya tatu ya oksidasi ile ile katika tripanosoma ya mbung'o, wasiione kabisa. Ilikuwepo katika jamaa zake wengine, lakini kwake mahali pake palikuwa na kipande kifupi kisichofanana na kitu. Mwaka 1988 walipousoma waraka uliokwisha kukamilika, walikuta herufi U 547 zimetiwa na herufi U 41 zimeondolewa, hivi kwamba zaidi ya nusu ya waraka haikuwamo katika daftari. Hapo ubishi ulikoma. Hilo halikuwa tena sahihisho la mwandishi aliyeteleza kalamu. Ilikuwa kana kwamba mtu amepewa konsonanti chache zilizotawanyika, akatoka na utenzi mzima.

Swali lililobaki lilikuwa zito kuliko yote yaliyotangulia: ni nani ajuaye herufi zitiwe wapi, na ngapi? Maana kama ilimu hiyo haimo katika jeni yenyewe, ni lazima imo mahali pengine, au sivyo itikadi nzima ya urithi ianguke. Na walikuwapo waliokuwa tayari kuiona ikianguka.

Jawabu lilitoka kwa kijidudu cha mjusi. Katika maabara ya Larry Simpson huko Los Angeles, Beat Blum na Norbert Bakalara waliketi na kompyuta wakitafuta katika pete kubwa za *Leishmania* kipande chochote kinachoweza kuoana na waraka uliosahihishwa, herufi kwa herufi, A na U, G na C, kama ilivyo sheria. Hawakukipata. Kisha wakalegeza sheria kidogo, wakaruhusu G ioane na U, ndoa dhaifu lakini inayojulikana katika RNA, na mara vipande vikajitokeza, vifupi, vimetapakaa katika pete kubwa mahali palipodhaniwa kuwa pa bure, kila kimoja kikilingana na sehemu iliyosahihishwa. Tena vipande hivyo havikuwa maandishi yaliyolala: kila kimoja kilikuwa kinanakiliwa kuwa RNA ndogo, ya herufi zipatazo hamsini hadi sabini, isiyotengeneza protini yoyote. Habari hiyo ilitoka mwanzoni mwa mwaka 1990. Wao waliziita RNA hizo kwa neno lenye maana ya kiongozi wa njia, nami nitaziita kwa neno la bahari yetu, marubani, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya mtu apandaye chomboni nje ya mlango wa bandari, asiyekuwa nahodha wala mwenye shehena, lakini ajuaye miamba iko wapi.

Na katika mwaka ule ule, Nancy Sturm, wa maabara ile ile ya Simpson, alizifungua zile pete ndogo zilizodharauliwa miaka ishirini, akakuta zimejaa marubani. Wengine waliokuwa wakiichunguza tripanosoma walikuta hivyo hivyo. Maelfu ya barua zisizosomeka zilikuwa ni hashia, maandishi ya pambizoni ya kulisahihisha daftari kubwa, na daftari bila ya hashia zake halikuwa na thamani.

Namna rubani afanyavyo kazi yastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa uzuri wake umo katika utaratibu. Ncha yake moja ina herufi chache zinazooana barabara na waraka, nayo ndiyo nanga: rubani hutia nanga upande wa mkiani wa sehemu iliyo mbovu. Mbele ya nanga waraka na rubani hawalingani tena. Rubani ana A na G zisizo na wenza. Hapo kundi la vimeng'enya huukata waraka, huzitia herufi U kwa idadi ya A na G zinazongoja, au huzinyofoa kama zimezidi, kisha huunga. Baada ya hapo hukata tena mbele kidogo. Sehemu ya rubani mmoja inapokwisha, maandishi mapya aliyoyasababisha ndiyo yanayokuwa mahali pa nanga ya rubani wa pili, ambaye kabla ya hapo asingekuwa na pa kushika; hivyo hupokezana kutoka mkiani hadi kichwani mwa waraka, na hakuna awezaye kuruka zamu. Katika tripanosoma ya mbung'o, nyaraka kumi na mbili kati ya kumi na nane za protini za mitokondria husahihishwa hivyo, herufi zaidi ya 3,000 zikitiwa na zaidi ya 300 zikitolewa, na marubani wanaohitajika huhesabiwa kwa mamia.

Rubani ana mkia wa herufi U nyingi, na mkia huo ulileta ubishi wa miaka kadhaa. Simpson na wenziwe, na kwa upande wake Thomas Cech, bingwa wa Colorado aliyetuzwa Nobeli mwaka 1989 kwa kuonyesha kwamba RNA yaweza kufanya kazi ya kimeng'enya, walidhani kwamba herufi zinazotiwa katika waraka hutolewa mkiani mwa rubani mwenyewe, kama mtu anayeshonea kanzu ya mwenziwe kwa nyuzi za kikoi chake. Dhana ilikuwa nzuri mno, nayo ilikuwa batili. Mwaka 1996 watu wa Stuart walifaulu kuifanya kazi yote ndani ya chupa, nje ya kijidudu, wakaonyesha kuwa herufi hutoka katika akiba huru ya seli, na kwamba ukataji na uungaji ni kazi ya vimeng'enya vya protini. Rubani huelekeza, hatoi mali yake.

Mwaka huo huo wa 1996, huko Toulouse katika Ufaransa, Tamás Kiss na Jean-Pierre Bachellerie na wenzao walitoa habari ambayo haikuhusu kijidudu chochote, bali sisi wenyewe. Ndani ya kiini cha seli za binadamu mna RNA ndogo ambazo baadhi yake, kama ile iitwayo U3, zilijulikana tangu mwaka 1968, nyingi zikiwa hazina kazi iliyoeleweka. Watafiti wale wa Toulouse walionyesha kwamba nyingi katika hizo nazo ni marubani: huoana na RNA ya ribosomu, ambayo ndiyo mwili wa yule fundi asomaye nyaraka, na kuonyesha herufi ipi itiwe alama ya kikemikali, ikihesabiwa herufi ya tano kutoka katika kibandiko maalumu cha rubani mwenyewe. Mwaka uliofuata ikadhihirika, Toulouse na pia Amherst katika Marekani, kwamba jamaa ya pili ya marubani hao huongoza ugeuzaji wa U kuwa herufi nyingine inayofanana nayo. Kila namna ya alama inapatikana mahali kama mia moja katika ribosomu ya mtu. Tofauti na tripanosoma ni dhahiri: hapa herufi haiongezwi wala haitolewi, hutiwa alama tu, kama vile mwandishi wa hati za Kiarabu anavyorudi juu ya mstari kutia nukta na irabu. Lakini hila ni moja, nayo ni kuacha ilimu ya mahali iwe katika waraka mdogo, na kazi ya mikono iwe kwa kimeng'enya kisichojua mahali. Sioni kwamba jamaa hizi mbili zina asili moja. Naona tu kwamba uhai umeifikia hila hiyo zaidi ya mara moja.

Huenda msomaji mfugaji akauliza yote haya yanamfaa nini yeye ambaye ng'ombe wake wanakonda. Yanamfaa kuliko anavyodhani. Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiwachoma ng'ombe wao sindano ya ethidiamu, dawa nyekundu ya nagana, bila ya mtu kujua hasa inaua vipi. Na ilikuwa mwaka 2010 ndipo maabara ya Paul Englund huko Baltimore ilipoonyesha kwamba dawa hiyo huzuia pete ndogo za kinetoplasti zisijinakili. Miaka yote hiyo, katika mazizi, watu walikuwa wakichoma maktaba ya marubani. Na mwaka 2001 Achim Schnaufer na wenziwe, katika kundi la Stuart, walikwisha kuonyesha kuwa kimeng'enya cha kuunga nyaraka kikizimwa, tripanosoma hufa hata ikiwa ndani ya damu, ambamo ilidhaniwa kwamba kwa wingi wa sukari haina haja ya jiko lake.

Lakini kila kanuni ina mtoro wake, na mtoro wa kanuni hii ni *Trypanosoma evansi*, ambayo Griffith Evans aliiona mwaka 1880 katika farasi na ngamia wa Punjab, nayo ndiyo iletayo ugonjwa wa sura unaowamaliza ngamia kutoka kaskazini mwa Kenya hadi Arabuni. Kijidudu hiki kimepoteza pete kubwa, na pete ndogo zake karibu zote zimekuwa za namna moja; hakisahihishi chochote kwa maana hakina cha kusahihisha. Huishi katika damu kwa sababu badiliko moja katika jeni ya kiini limekipa njia ya mkato. Bei yake ni kwamba hakiwezi tena kukua ndani ya mbung'o, kwa kuwa huko jiko la seli ni lazima liwake. Husafiri katika midomo ya chafuo, kutoka mnyama hadi mnyama, kabla damu haijakauka. Na kwa kuwa hakimhitaji mbung'o, kimetoka katika mipaka ya mbung'o, kikafika Bara Hindi, Asia ya mashariki na Amerika ya Kusini, mahali ambapo ndugu yake mwenye maktaba kamili hawezi kukanyaga.

Kuna jambo dogo la mwisho ambalo sijaliona likisimuliwa, ingawa limeandikwa wazi katika majarida. Tripanosoma ambazo maabara ya Stuart ilizitumia katika kazi zake nyingi hazikuzaliwa Seattle. Ni kizazi cha kundi linaloitwa EATRO 164, na herufi hizo ni za shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa tripanosoma lililokuwa Tororo, Uganda, ambako vijidudu vilikusanywa kutoka kwa wanyama na watu, vikapewa namba na kuhifadhiwa katika baridi kali. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la Tororo halikubaki na jina lake. Kundi namba 164 lingali hai katika chupa za ng'ambo, na kila linapotajwa huandikwa EATRO.